Kahawa ya Langoni

Adela, uliniuliza kahawa ya kutafuna inachemshwaje, na wenzako wawili nao wakadakia kwamba wanataka kujua. Nilisema nitawajibu. Sasa nimekaa kibarazani hapa Ndama, nimevaa miwani, na mnivumilie, maana kujibu kwa mkato sikujaliwa. Marehemu mume wangu alikuwa akitaka chumvi anaiomba kabla hajanawa mikono, kwa sababu alijua nitaanza na habari za aliyeniuzia.

Ninyi mmelikuta bwawa limechangamka. Jumapili mnakosa pa kutandika mkeka, watoto wanagombania bembea, na mashua haipumziki. Mnadhani lilizaliwa hivyo. Mimi nililiona likiwa na maji, majani na ukimya, na mtu pekee aliyekalia yale mabenchi alikuwa mimi, tena kwa kuibia, msimamizi akiwa ameenda Kayanga kununua misumari.

Bwawa lilichimbwa kwa ajili ya maji ya mji. Hilo mnalijua. Baadaye kamati ya bwawa ikaona ule ukingo wenye majani mazuri usikae bure, ukafanywa mahali pa watu kupumzika. Wakajenga mabanda, wakaweka majiko ya mkaa, bembea na mashua moja ya mbao. Mimi nikaajiriwa kufagia, kutunza majiko na kuangalia watoto wasisogelee penye kina. Tangu nifiwe nilikuwa nikipalilia migomba ya watu, mgongo umeinama kutwa. Hii ilikuwa kazi ya kwanza kuifanya nikiwa nimesimama wima, na nilipewa koti la kijani lenye mifuko. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Mashaka, mtu wa Tanga, mpole, mwenye maneno matamu na miguu inayoogopa baridi ya huku kwetu Karagwe. Alivaa soksi mbili mbili. Alichora bango kwa mkono wake mwenyewe, herufi nyekundu, KARIBU SANA BWAWANI, akachora na samaki pembeni ingawa bwawani hamkuwa na samaki. Jumapili ya kwanza tukafungua lango, tukasimama kando kama watu waliopika na wanasubiri sifa.

Watu walikuja. Hapo ndipo maajabu yalipoanza.

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Nkwenda, Ta Byabato, na familia yake yote, wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Yeye na fimbo, mke wake na mkungu wa ndizi kichwani, wanawe, wakwe, wajukuu wenye soksi nyeupe. Walifika langoni wakasimama.

"Shikamoo, Ta," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nyineka yupo?"

Nyineka ni mwenye nyumba, mwenye kaya. Bwana Mashaka akaniuliza mzee anasemaje, nikamweleza. Akatabasamu, akamwambia, "Mzee wangu, hapa hapana mwenye nyumba. Hapa ni pa wote. Ingieni tu, mjisikie huru."

"Pa wote," Ta Byabato akarudia taratibu. Akalitazama lile bango, akamtazama mkewe. "Haya, waitu, wenzetu. Tutarudi siku mwenyewe akiwepo."

Wakageuka na mkungu wao.

Siku ile ilikuwa hivyo hivyo mpaka jioni. Waliokuja kutoka Omurushaka walisimama, wakauliza, wakaondoka. Familia moja ilivuka barabara, ikatandika mkeka ng'ambo, ikala ndizi na maharage huku ikitazama bwawa kupitia kwenye ua wa waya. Walikuwa na furaha kabisa, na walitupungia mkono. Bwana Mashaka aliwapungia pia, kisha akakaa kwenye bembea peke yake na soksi zake mbili mbili, hoi.

Jumapili zilizofuata zilifanana. Kamati ikaja, ikaona majani hayajakanyagwa, ikasema wazi: kiangazi kikiisha na hali ni hii, lango litafungwa, wabaki mafundi wa pampu tu. Bwana Mashaka angerudishwa Tanga kwenye joto lake, na huenda moyoni hakuona vibaya. Lakini mimi ningerudi kwenye jembe la watu. Na kile kipande cha nchi chenye maji na upepo kingebaki cha kutazamwa kupitia waya. Liliniuma hilo kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Nikaenda kwa Ma Koku. Huyu alikuwa mpishi wa harusi hapa Ndama, mwanamke mnene mwenye sauti, aliyekuwa amepokea wakwe wa kata nzima. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamweleza kisa chote, pamoja na bango na samaki. Alicheka mpaka kisu kikamdondoka.

"Wewe," akasema, "unaweza kuingia kwa mtu kwa sababu ukutani pameandikwa karibu?"

"Siwezi."

"Na mwenyewe akikwambia hapa hapana mwenyewe?"

"Nitaondoka haraka zaidi."

"Sasa unawashangaa wa Nkwenda kwa lipi? Toka nje uwapokee. Chukua mzigo wao. Mtie mtu kitu mkononi, atafune, ajue amefika. Koti unalo, kinywa unacho. Kuwa nyineka."

Nikamwambia mimi ni mfagiaji. Akasema na yeye ni mmenyaji, lakini harusi haianzi bila yeye. Akaniwekea sufuria jikoni, akanifundisha kuchemsha kahawa ya kutafuna jinsi alivyofundishwa na mama yake, na nilipoiunguza mara ya kwanza alinitukana kwa lugha mbili. Akanipa na kikapu chake kidogo chenye mfuniko. Ndicho hicho mtakachokipokea.

Jumapili iliyofuata nilifunga kitenge juu ya koti la kijani, nikasimama nje ya lango. Sikusimama langoni, Adela. Nje. Nilipowaona watu kwa mbali nikawaendea. Nani aliyetangulia? Ta Byabato, mkaidi yule. Alikuwa amesikia kwamba mwenyewe amerudi safari. Nilimsalimia, nikampokea mkewe mkungu kutoka kichwani kwa mikono miwili, nikauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua ya Nkwenda, nikawaambia, "Karibuni kwetu. Mmechelewa, tuliwangoja." Halafu nikafunua kikapu.

Mzee akachukua punje chache, akatafuna. Akageuza uso, akatazama maji. Mara ya kwanza alipokuja hakuwa ameyatazama, alikuwa akimtafuta mtu.

"Kasinge, waitu," akasema, akitushukuru kwa lugha ya kwetu. "Mna maji mengi."

Wakaingia. Wajukuu walivua soksi kabla sijamaliza kuweka mkungu chini.

Bwana Mashaka alinijia mbio. "Mama, umewaambia nini?"

"Nimewaambia karibu."

"Lakini hata bango limesema karibu."

"Limesema, lakini halikutoka nje kuwapokea."

Na yeye akaomba kahawa. Aliitafuna kwa uso wa mtu anayekunywa dawa, akasema ni nzuri sana. Watu wa Tanga wana adabu.

Sasa msidhani mambo yalinyooka. Jioni ile tulikosea tena. Saa ya kufunga ilipofika Bwana Mashaka akapuliza filimbi. Wageni hawakusogea. Akapuliza tena. Ta Byabato akauliza, "Nani anaita mbuzi?" Jua likazama nyuma ya kilima, watoto wakaanza kusinzia migongoni, na watu wamekaa tu, wananitazama kwa heshima. Bwana Mashaka akaniuliza kwa kunong'ona kama wanakusudia kulala hapa. Ndipo akili ikanijia: mgeni hajifukuzi. Anaomba ruhusa, mwenyeji anambembeleza kidogo abaki, halafu anafungiwa chochote cha kwenda nacho na kusindikizwa mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimepokea mkungu wao na sikuwa na kitu cha kuwafungia.

Nilizunguka nyuma ya nyumba ya pampu nikiwa na wasiwasi wa bibi harusi. Pale paliota miche ya misizi, ile miti ya kivuli, imejiotea tu kwenye unyevu. Nikang'oa mmoja na udongo wake, nikaufunga kwenye jani la mgomba. Nikamwambia Ta Byabato, "Naona mnataka kutukimbia mapema hivi. Haya, bwawa linawapa huu." Aliupokea kwa mikono miwili. Tuliwasindikiza mpaka barabarani, mimi na Bwana Mashaka, ambaye alikuwa ameificha filimbi mfukoni. Tangu siku ile sikuisikia tena, isipokuwa kwa watoto wanaokaribia kina.

Hivyo ndivyo kitalu cha miche kilivyoanza. Wataalamu wakija wanawauliza kiliasisiwa kwa mradi gani. Waambieni kiliasisiwa kwa aibu.

Na watu wakaja. Lango halikufungwa. Kamati ilipokuja mwisho wa kiangazi niliipokea kwa kahawa kama wengine, wakasahau walichokuja kusema, wakaomba mashua.

Mashua ina mambo yake, na hapa nawausia kwelikweli. Mtu mzito msimweke mbele hata kama ni mheshimiwa. Mwambieni katikati ndiko kwenye heshima. Upepo huku kwetu hubadilika jua likishapanda. Asubuhi majiko yawe upande wa lango, mchana myahamishie upande wa mianzi, vinginevyo moshi wote utaingia mabandani na wageni watalia mkidhani wameguswa na neno la Mungu. Mtu akija na kibuyu cha rubisi akasema hiyo siyo pombe ni juisi tu, msibishane naye. Kipokeeni kibuyu kwa heshima, mkitunze kivulini, mmrudishie wakati wa kumsindikiza. Hatapanda mashua amelewa, na hamtakuwa mmemvunjia heshima.

Siku moja ikatokea kazi kubwa kuliko hizo. Walikuja bwana mmoja wa Mabira na mkewe, na mama mzaa mke akiwa pamoja nao. Kila mmoja wao alitaka mashua, na mashua ilikuwa inakwenda safari ya mwisho. Mnajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kukaa goti kwa goti kwenye ubao mmoja. Bwana akasema atabaki. Mama akasema hapana, atabaki yeye, amezeeka, maji ameyaona kwa mbali yanatosha. Lakini macho yake hayakutoka kwenye ile mashua. Binti yupo katikati, karibu kulia.

Nikawapanga hivi: mama mbele, anatazama mbele. Binti katikati. Mkwe nyuma, anatazama tulikotoka. Mgongo kwa mgongo. Nikapiga kasia mwenyewe kwa ubavuni, nikiimba wimbo wa kanisani ili mtu asilazimike kuzungumza. Tulipofika katikati mama akasema, akiuambia upepo, "Mwambie mwenzako ndege weupe wako huku." Binti akamwambia mumewe aliyekuwa hatua moja kutoka hapo. Mume naye akauambia upepo, "Mwambie mama, huku nyuma kuna machweo mazuri, pole kwa kuyakosa." Walisemezana hivyo mpaka nchi kavu, na yule mama aliposhuka alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo na kitenge. Alisema amezunguka dunia nzima na mkwe wake na hajamwona hata mara moja. Nilicheka wiki nzima.

Kuna familia nyingine ya Mabira ambayo lazima niwatajie, kwa sababu bila wao hamngeniuliza habari za kahawa. Walikuwa wazazi na binti yao Esperansia, watu wenye asili ya Burundi, waliokuwa wakifanya kibarua kwenye mashamba ya watu. Walikuja kwa miguu. Mkungu hawakuwa nao. Walileta viazi vitamu vichache ndani ya kitambaa safi, na mama yake akavitoa akiangalia chini. Nilivipokea kama nilivyopokea mkungu wa Ta Byabato. Jioni nikawafungia mche. Baba akaushika, akasita.

"Mama," akasema, "sisi hatuna shamba letu. Tukiupanda kwa tajiri utakuwa wa tajiri. Tunaweza kuupanda hapa?"

Niliwaambia wapande. Wakachagua pale kwenye kijitelemko karibu na mabenchi, Esperansia akachota maji ya bwawa kwa kiganja akaumwagilia. Kila walipokuja walienda kuusalimia kwanza. Sasa mnajua ule mti mkubwa ni wa nani.

Nilistaafu. Nilifanyiwa sherehe, nikapewa kitenge na beseni, nikalia vizuri. Nikarudi hapa Ndama nikakaa. Kila Jumapili nilijiambia nitakwenda kutembea bwawani, na kila Jumapili nikapata kisingizio. Kuku anaatamia. Mvua inanukia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimesikia kuna lango jipya la chuma na bango lenye picha, na kwamba wageni sasa wanaingia wenyewe. Nikawaza, je, nikifika nikiwa si mtu wa koti tena, nitakuwa nani pale?

Mwishowe nikachuma mkungu, nikapanda bodaboda mpaka barabarani pale, nikajitwika, nikatembea hadi langoni. Na hapo miguu ikagoma.

Adela, ulikuwa umekaa dirishani na waya zako masikioni. Ulitoa mmoja, ukaniambia kwa upole, "Shikamoo bibi. Ingia tu, pako wazi."

Hukukosea adabu hata kidogo. Lakini nilishindwa kuingia. Mahali nilipoingia kila asubuhi bila kufikiri, mahali ninapojua kila jiwe, nikasimama nje na mkungu kichwani kama Ta Byabato, nikimtafuta nyineka kwa macho. Nilitaka kujicheka, nikaona machozi yananitangulia. Nikasema moyoni, basi, nigeuke kabla hawajanitambua.

Ndipo nikaona mwanamke anatoka chini ya ule msizi mkubwa, anashuka mbio, anafuta mikono kwenye kitenge. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Esperansia, mtu mzima, na mtoto mgongoni. Alipita langoni, akatoka nje kabisa, akaupokea mkungu wangu kwa mikono miwili.

"Mama Bwawa," akasema. "Karibu kwetu. Umechelewa, tulikungoja."

Akafungua fundo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na punje za kahawa, alizokuwa amejichemshia mwenyewe.

Nikatafuna. Nikageuka, nikayatazama maji. Niliingia nimeshikwa mkono kama mgeni wa heshima, nikakalishwa chini ya mti wao kwenye benchi, na mjue kwamba miaka yote ile, ukiacha zile mara za kuibia, sikuwahi kukaa pale. Siku zote nilikuwa nimesimama. Kumbe upepo unapita vizuri vile. Kumbe mianzi inasikika. Nilikula, nikapandishwa mashua, nikamgombeza mpiga kasia kwa kumweka mtu mnene mbele, nikafurahi kama mtoto aliyevuliwa soksi.

Jioni nikaomba ruhusa. Esperansia akanibembeleza nibaki, kama inavyotakiwa. Nilimwona akikunong'oneza jambo, Adela, nawe ukatoka dirishani ukazunguka nyuma ya nyumba ya pampu. Ulirudi na mche uliofungwa kwenye jani la mgomba, umefungwa vibaya, udongo unamwagikia viatu vyako vyeupe. Nimegawa misizi kwa watu wa Karagwe na Kyerwa kote, na huo ulikuwa wa kwanza kupewa mimi. Uko hapa mbele yangu ninapoandika, umeshatoa majani mawili mapya. Ulinisindikiza mpaka barabarani pamoja na wenzako wawili, na tukiwa tunasubiri bodaboda ndipo ukaniuliza.

Sasa jibu. Chuma kahawa kabla haijaiva sana. Ioshe, iweke kwenye sufuria kubwa pamoja na mchaichai na majani mengine ya kunukia, ichemke polepole mpaka nyumba nzima inukie. Usiondoke ukaenda kwenye simu, itaungua, na Ma Koku hayupo tena wa kukutukana. Ichuje, ianike juani, uigeuze kila siku. Ukiitikisa kiganjani ikalia, imekauka. Usiitie kwenye mfuko wa plastiki. Kikapu cha Ma Koku nimekipeleka kwa Esperansia, atakuletea Jumapili. Kijaze, ukifunike, kisha toa na ule waya wa pili sikioni, uondoke dirishani, uende nje ya lango. Kuna watu wamesimama pale.